Kipa Aliyeegemea Gongo



Ningekuwa na picha moja tu ya kuwaonyesha jioni hii, ingekuwa ya mtu mrefu aliyesimama mbele ya goli, amejiegemeza kwenye gongo lake. Gongo limesimama wima, ncha yake iko juu ya barafu. Mikono miwili imekumbatia kichwa cha gongo, na kidevu kimetua juu ya mikono. Uso umefichwa na kinyago. Jukwaani maelfu ya watu wanapiga kelele, na yeye ametulia kama mchungaji anayetazama ng'ombe wake wakinywa maji. Mara ya kwanza nilipoiona picha hiyo nilidhani mechi imekwisha. Kumbe ilikuwa imesimama kwa muda tu, na huo ndio mkao aliokuwa akikaa kila mara mchezo uliposimama.

Mtu huyo ni Ken Dryden. Alifariki tarehe 5 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka 78. Magazeti ya Kanada yalipata taabu kumtaja kwa neno moja. Alikuwa mlinda mlango, mwanasheria, mwandishi wa vitabu, rais wa klabu, mbunge, waziri, mwalimu wa chuo kikuu. Nimeombwa nizungumze juu ya wanamichezo waliotoka vyuoni na maisha yao baada ya uwanja, nami nimemchagua yeye kwa sababu maisha yake yanaivuruga mada yenyewe. Hiyo "baada" kwa Dryden haina mahali pa kuanzia.

Kwanza tuuelewe mchezo. Mpira wa magongo wa barafuni si mgeni kabisa kwetu. Hapa Nairobi, ndani ya hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa, pana uwanja mdogo wa barafu ambapo vijana wetu wa Ice Lions wamekuwa wakifanyia mazoezi. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakavaa sare na kucheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, jambo ambalo kule ni kama kusema umecheza na Messi. Kila timu huwa na watu sita barafuni, kipa akiwa mmoja wao. Hupigania kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho kikipigwa sawasawa huweza kupita kasi ya kilomita 150 kwa saa. Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Dogo, mtasema. Lakini kisahani nacho hukiogopi mpaka kikugonge.

Dryden alizaliwa Hamilton, jimbo la Ontario, tarehe 8 Agosti 1947, akakulia Etobicoke, pembezoni mwa Toronto. Baba yake, Murray, alikuwa mfanyabiashara. Uani kwao hapakuwa na majani. Mzee aliusakafia ua mzima, akaweka magoli mawili, na watoto wa mtaa wakawa wanacheza pale kwa mpira wa tenisi. Kaka yake Dave, aliyemzidi miaka sita, alikuwa kipa. Mdogo akamfuata. Dave naye ni habari peke yake. Alidaka katika ligi kuu huku akiwa mwalimu, baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule, na ni mmoja wa waliobuni kinyago chenye wavu wa chuma usoni ambacho makipa wote wa leo wanavaa. Katika nyumba ile, basi, kucheza na kusoma havikuwa vitu vya kuchagua kimoja. Vilikuwa kama mkono wa kulia na wa kushoto.

Mwaka 1964, kijana akiwa na miaka 16, klabu za ligi kuu zilikaa kugawana vijana wenye vipaji. Boston Bruins wakamchagua wa kumi na nne, kisha muda si muda wakambadilishana na Montreal Canadiens kwa wachezaji wengine wawili. Yeye mwenyewe hakujua kwamba aliwahi kuwa mali ya Boston hadi katikati ya miaka ya 1970! Alikuwa akiamini kwamba Montreal ndio waliomtaka tangu mwanzo. Liwekeni hilo akilini, kwa sababu Boston walikuja kulipia.

Njia ya kawaida kwa kijana wa aina yake ilikuwa moja: aache shule au aisome kwa kuibia, aingie ligi ya vijana, apigwe ngumi na kupiga ngumi, na akifika miaka 20 apande ligi kuu. Wachezaji waliotoka vyuo vikuu katika ligi ile walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Makocha waliwaona kuwa walaini, watu wa vitabu. Dryden akakataa njia hiyo, akaenda Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca, jimbo la New York. Cornell ni kimoja cha vyuo vya Ivy League, ambavyo havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Unaingia kwa kichwa chako. Alisoma historia.

Kwa kanuni za wakati ule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kucheza timu kubwa, kwa hiyo alipata misimu mitatu tu. Katika misimu hiyo mitatu, chini ya kocha Ned Harkness, alishinda mechi 76, akapoteza 4, akatoka sare 1. Nimezisoma takwimu hizo mara nyingi na bado hunichekesha. Mtu amedaka miaka mitatu, na mechi alizofungwa zingetosha kuhesabiwa kwenye mkono mmoja, tena kidole kimoja kikabaki. Kwa wastani aliruhusu mabao 1.59 kwa mechi. Machi 1967 Cornell waliifunga Boston University 4–1 katika fainali iliyochezwa Syracuse, wakawa mabingwa wa vyuo vya Marekani kwa mara ya kwanza. Mwaka 1969 walifika fainali tena, wakafungwa na Denver 4–3. Akahitimu, akaondoka.

Na hapa pana jambo ambalo wanaomsifu hupenda kuliruka. Msimu uliofuata, 1969–70, Cornell bila Dryden walicheza mechi 29 na kushinda zote 29. Hakuna kipa anayestahili kuambiwa hivyo mwaka mmoja tu baada ya kuondoka! Lakini ndivyo ilivyokuwa, na jezi yake namba 1 haivaliwi na mtu mwingine pale chuoni hadi leo.

Baada ya Cornell alikwenda Winnipeg, akadakia timu ya taifa ya Kanada huku akianza masomo ya sheria. Timu ile ilivunjwa mwaka 1970 Kanada ilipojitoa katika mashindano ya kimataifa kwa ugomvi wa nani ni mchezaji wa ridhaa na nani analipwa. Ndipo akaenda Montreal. Akaingia Chuo Kikuu cha McGill kuendelea na sheria, na timu ya pili ya Canadiens kudaka. Machi 1971 akapandishwa timu kubwa. Akacheza mechi sita, akashinda zote sita. Katika siku hizo hizo alikutana na kaka yake Dave, aliyekuwa Buffalo, kila mmoja golini kwake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndugu wawili kukabiliana hivyo katika ligi ile.

Mechi sita. Kisha ikaja mitoano, na Montreal wakapangiwa Boston.

Wale Boston wa 1971 walikuwa mabingwa watetezi. Phil Esposito alikuwa amefunga mabao 76 msimu ule, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Bobby Orr, beki, alikuwa na pointi 139. Kumpeleka mbele yao mwanafunzi wa sheria mwenye mechi sita ilikuwa sawa na kumtuma mtoto dukani usiku wa mvua. Mechi ya kwanza Boston walishinda. Ya pili walikuwa wakiongoza 5–1, kisha Montreal wakaamka na kushinda 7–5. Na kuanzia hapo ule mwili wenye urefu wa zaidi ya mita 1.9 ukawa ukuta. Inasimuliwa kwamba Esposito, kwa hasira ya kunyimwa mabao, alimwita twiga mwizi. Sisi tunaoishi na twiga tunajua kwamba si tusi hata kidogo. Twiga huona mbali, na hana papara.

Boston wakatolewa katika mechi ya saba. Minnesota wakafuata. Fainali dhidi ya Chicago nayo ilikwenda hadi mechi ya saba, na tarehe 18 Mei 1971 Montreal wakatwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi ile. Dryden alidaka mechi zote 20 za mitoano na akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mitoano hiyo. Kwa hesabu za ligi alikuwa bado hajamaliza hata msimu mmoja, ndiyo maana mwaka uliofuata, 1972, alipewa tuzo ya mchezaji bora chipukizi. Hakuna mwingine aliyewahi kuzipata kwa mpangilio huo wa kinyume. Na likizo ya katikati, kiangazi cha 1971, bingwa huyu hakwenda ufukweni. Alikwenda kufanya kazi na Ralph Nader, mwanasheria maarufu wa kutetea walaji nchini Marekani.

Septemba 1972 Kanada ilicheza mechi nane na Umoja wa Kisovieti, nne nyumbani na nne Moscow. Dryden alidaka mechi ya kwanza, Montreal, na akafungwa saba. Nchi nzima ilipigwa na butwaa, kwa kuwa walikuwa wameaminishwa kwamba Warusi wangepigwa mechi zote nane. Alidaka pia ya nane, Moscow, tarehe 28 Septemba, mechi zikiwa zimelingana. Akafungwa matano. Lakini zikiwa zimebaki sekunde 34 Paul Henderson akaifungia Kanada la sita upande wa pili wa uwanja. Kipa hubaki golini kwake, ni desturi. Dryden aliteleza uwanja mzima, mita zipatazo sitini, na mapedi yake yote mazito miguuni, akaenda kukumbatia wenzake. Ni mara chache sana mtu yule alionekana akikimbilia kitu.

Sasa tufike mwaka 1973, ambao kwangu ndio kiini cha habari hii. Alikuwa amepata Kombe la pili na shahada yake ya sheria ya McGill. Alikuwa pia amegundua kwamba makipa wengine, wasio na sifa zake, wanalipwa zaidi. Akaomba mkataba urekebishwe, uongozi ukakataa. Wengi tungenung'unika na kuendelea kucheza. Yeye alifunga begi, akarudi Toronto, akaingia ofisi ya mawakili kufanya mafunzo ya vitendo ambayo kila wakili wa Ontario wakati ule alilazimika kuyafanya, kwa mshahara wa dola 134 kwa wiki. Bingwa wa Kombe la Stanley akawa anabeba mafaili. Jioni alicheza ligi ya mtaani, tena alicheza beki! Nadhani alitaka kujua upande wa pili wa mgongo wake unaonekanaje.

Montreal walilipa gharama. Msimu wa nyuma walikuwa wameruhusu mabao 184, msimu bila yeye wakaruhusu 240, na wakatolewa raundi ya kwanza. Mwaka 1974 walimrudisha kwa mkataba mnono zaidi.

Watu husema kwamba Dryden alikuwa na bahati ya kuwa na kitu cha kushikilia kama mpira ukimshinda. Mimi siamini hivyo. Tunapomwambia kijana "soma, mpira una mwisho", tunaigeuza elimu kuwa mwavuli wa kubanwa kwapani mpaka mvua inyeshe. Dryden hakusoma sheria kwa kuogopa mvua. Ile sheria ndiyo iliyomwezesha kukaa mezani na mabosi wa klabu akijua anachosema, na kuinuka waliposema hapana. Mchezaji asiye na pengine pa kwenda hupokea anachopewa.

Baada ya hapo yalikuja makombe manne mfululizo, 1976 hadi 1979. Katika msimu wa 1976–77 Montreal walicheza mechi 80 na kufungwa 8 tu. Na hapa ndipo ule mkao wa kuegemea gongo unapoanza kueleweka. Timu ile ilikuwa kali mno kiasi kwamba kipa wake angeweza kukaa dakika nyingi bila kazi, kisha ghafla mtu mmoja akachomoka peke yake anamjia. Kazi ngumu ya Dryden haikuwa kuzuia mashambulizi mengi. Ilikuwa kungoja bila kulala. Aliufanya ungojaji ule kuwa muda wa kutazama. Katika mchezo ule kipa ndiye pekee anayeuona uwanja mzima mbele yake, na yeye alitazama kila kitu: nani amechoka, nani anaogopa, kocha anamnong'oneza nani.

Mwaka 1979, hata miaka 32 hajafika, akaacha. Alikuwa amecheza mechi 397 za msimu wa kawaida, ameshinda 258, amefungwa 57 na kutoka sare 74. Mechi ambazo wapinzani hawakupata hata bao moja zilikuwa 46. Zilinganisheni na zile 57: mechi alizopoteza katika misimu yake yote ya kawaida karibu zilingane na mechi alizofunga mlango kabisa. Hajatokea wa kumfikia kirahisi.

Yale aliyoyatazama kwa miaka minane aliyaweka katika kitabu alichokiita The Game, kilichotoka 1983, mwaka ule ule alioingizwa katika Jumba la Umaarufu la mchezo huo. Kinaeleza siku chache tu za msimu wake wa mwisho, na hakina majigambo. Kinasema habari za basi, chumba cha kubadilishia nguo, utani wa wachezaji, uchovu, pesa, na zile nyakati ndefu za kusimama golini pasipo kazi. Wengi wanakihesabu kuwa kitabu bora kuliko vyote vilivyoandikwa kuhusu mchezo ule. Mimi nasema hata msomaji ambaye hajawahi kuona barafu isipokuwa ndani ya friji atakisoma hadi mwisho, maana nimejaribu.

Vitabu vilivyofuata viliandikwa kwa mkao ule ule. Kimoja kilimfuata mtu wa kawaida, asiye na jina, kazini na nyumbani. Kwa kingine, cha 1995, alikaa mwaka mzima ndani ya shule ya sekondari huko Mississauga, akisikiliza vipindi pamoja na wanafunzi, akitazama nani anaelewa na nani amejikunja kona. Fikirieni mlinda mlango mwenye makombe sita, amebana magoti chini ya dawati la mtoto.

Kazi yake kama rais wa Toronto Maple Leafs, kuanzia 1997, nitaipita haraka. Timu ilifika nusu fainali mara mbili, 1999 na 2002, haikuchukua kombe, na haijachukua tangu 1967. Utawala wa klabu haukuwa mahali pake pa kung'aa.

Siasa zinahitaji maneno zaidi. Mwaka 2004 alichaguliwa mbunge wa York Centre kwa tiketi ya chama cha Liberal, na Waziri Mkuu Paul Martin akamfanya Waziri wa Maendeleo ya Jamii. Akapewa kazi ambayo haikuwa na kelele: kujenga mfumo wa taifa wa vituo vya kulea watoto wadogo. Kanada ina majimbo kumi, kila moja na kiburi chake. Kufikia mwisho wa 2005 alikuwa amekubaliana na yote kumi, kwa mpango wa dola bilioni 5 kwa miaka mitano. Januari 2006 chama chake kikashindwa uchaguzi. Serikali ya Stephen Harper ikaifuta mikataba ile, ikawapa wazazi dola 100 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita. Mwaka ule ule Dryden aligombea uongozi wa chama, akaondolewa baada ya duru ya pili ya kura. Lazima tuseme ukweli: jukwaani hakuwa hodari. Hotuba zake zilikuwa ndefu, polepole, zenye vituo, na Kifaransa chake kilikuwa cha kusuasua. Mwaka 2011 akapoteza kiti. Miaka kumi baadaye, 2021, serikali nyingine ilileta mpango wa taifa wa malezi ya watoto, safari hii wa dola bilioni 30. Aliishi kuuona.

Mtauliza ule moyo wa kushughulika na watoto aliutoa wapi. Sijui mnakumbuka yule baba aliyesakafia ua. Mzee Murray na mkewe Margaret walianzisha mwaka 1970 shirika la hisani la kuwapatia watoto maskini mahali pa kulala: godoro, shuka, blanketi, chandarua, nguo, vifaa vya shule, vyote vikitengenezwa katika nchi husika. Watoto zaidi ya milioni moja wamepata, na miongoni mwao wamo wa Kenya, Uganda na Tanzania. Huenda hata ndani ya ukumbi huu yumo aliyelalia godoro la mzee Dryden bila kujua kwamba mwanawe alikuwa kipa.

Katika miaka ya mwisho aliugeukia mchezo wenyewe kwa hasira ya upole. Kitabu chake cha 2017 kinamhusu Steve Montador, mchezaji aliyefariki 2015 akiwa na miaka 35, ambaye ubongo wake ulikutwa umeharibiwa na mapigo ya kichwa. Dryden alijenga hoja yake kama wakili: kila pigo la kichwa lipigwe marufuku, liwe la makusudi au la bahati mbaya, la bega au la kiwiko, kwa kuwa ubongo hauulizi. Uongozi wa ligi haukukubali.

Kisha, mwaka 2023, akiwa na miaka 76, akatoa kitabu ambacho ningependa tuagane nacho. Mwaka 1960 alikuwa ameingia kidato cha kwanza katika shule ya sekondari ya Etobicoke, darasa la watoto 35 waliochaguliwa kwa akili zao. Miaka sitini baadaye alianza kuwatafuta mmoja mmoja. Aliwapigia simu wale aliowapata, akawauliza maisha yamewapeleka wapi, kazi gani wamefanya, nani wamempenda, nini kimewashinda. Wengi wao hawakuwahi kuandikwa gazetini hata siku moja. Yeye alisikiliza, saa baada ya saa, akaandika.